Muhuri wa Mia wa Bi. Dotterweich

CHAMA CHA WAZURU MAKUMBUSHO, BAMBERG
Kikao cha kamati, Jumanne, 20 Machi 2018, saa 11:00 jioni, chumba cha nyuma cha baa ya Daraja la Chini.

Waliohudhuria: Bw. Lorenz Hümmer (Mwenyekiti), Bw. Volkmar Rieß (Msimamizi wa Ziara), Bi. Annerose Zeck (Katibu), Bi. Kunigunde Dotterweich (aliitwa kujieleza).
Hakuwepo: Bw. Ottmar Kestler (anaumwa goti).

KUMB. NA. 1/3/2018: BARUA
Mwenyekiti alieleza kwamba barua ya Makumbusho ya Mtaa wa Wafinyanzi ilifika asubuhi hiyo. Bw. Rieß alitaka isifunguliwe hadi Bi. Dotterweich ahojiwe, asije akapata majibu humo. Ilikubaliwa.

KUMB. NA. 2/3/2018: SHUTUMA
Bw. Rieß alieleza kwamba Bi. Dotterweich ametimiza mihuri mia ya ziara za makumbusho, ya kumpa beji ya dhahabu, lakini yeye Bw. Rieß haiamini mihuri hiyo. Muhuri hukaa mezani mlangoni mwa makumbusho na kila mwanachama hujigongea kitabu chake. Alidai mama huyo hugonga, kisha huenda mkahawani kula keki. Alikumbusha kwamba mdanganyifu hufutwa uanachama.

Bi. Dotterweich alikiri keki. Alisema tangu mumewe afariki, Alhamisi, siku ya ziara, hana pengine pa kwenda.

Bw. Rieß alimuuliza, Alhamisi tarehe 8 Machi alipogonga muhuri wa mia kwenye Makumbusho ya Mtaa wa Wafinyanzi, aliona nini kwenye ukuta wa mwisho, Chumba cha Tatu.

"Msumari," alijibu. "Msumari na alama ya vumbi."

"Mama, pale pana Muuza Samaki, mchoro mkubwa kama mlango. Nilisimama mbele yake siku hiyohiyo. Hata magamba niliyahesabu."

"Yalikuwa mangapi, Bwana Rieß?"

Mwenyekiti aliomba utulivu.

KUMB. NA. 3/3/2018: BARUA KUFUNGULIWA
Barua inasema Muuza Samaki alishushwa tarehe 5 Machi kwa kuwa fremu imeliwa na wadudu. Atarudi Aprili.

Bw. Rieß alisema huenda makumbusho wamekosea tarehe. Mwenyekiti aliomba kitabu cha Bw. Rieß. Kina muhuri wa tarehe 8. Bw. Rieß alikirudisha mfukoni kabla Katibu hajaangalia mihuri mingine.

KUMB. NA. 4/3/2018: MAAMUZI
Bi. Dotterweich apewe beji. Vitabu vya kamati vikaguliwe, kuanzia cha Bw. Rieß. Bi. Dotterweich aliuliza kama na cha Mwenyekiti kimo. Mwenyekiti alijibu kwamba kamati ni kamati.

Kikao kilifungwa saa 12:20 jioni. Bw. Rieß aliondoka saa 12:10, akisema anawahi basi.

Mwenyekiti: L. Hümmer
Katibu: A. Zeck

Ukaguzi: Alhamisi, 22 Machi, saa 4:00 asubuhi, Chumba cha Tatu, mbele ya msumari.