Alama ya Babako Chini ya Rangi ya Bluu

Ekai mwanangu, kitinda mimba wangu,

Ejoka. Kama uko mzima huko Kitale, namshukuru Mungu. Simu yangu hushiki, kwa hiyo nimeamua kuandika. Dada yako Akiru ananinyooshea maneno, maana mimi shule niliishia darasa la tatu, halafu ataiweka barua hii mahali watu wanasoma. Usione nakutafutia aibu. Nilimwita Abdi mwizi mbele ya watu. Sasa nitasemaje ukweli nikiwa nimejificha?

Unakumbuka siku zile spika mbili zilipofika kwetu Nawoitorong, hapa Lodwar? Babako alizishusha kwenye lori polepole kama anashusha wagonjwa. Zilikuwa kuukuu, za baa fulani iliyofungwa, na kila moja nzito kama mbuzi mwenye mimba. Nikamuuliza, "Sasa hizi tutakula?" Akasema, "Mama Akiru, ngoja zilie kwanza." Akaunga betri ya gari. Nyumba ikajaa nyimbo mpaka jirani yetu Shukri akatokea mlangoni, mikono yote unga. Mumewe Abdi, na pikapu yake ya abiria inanguruma huko nje, akachungulia nyuma yake: "Mzee, hiyo ni spika ama ni ngamia?"

Siku ya pili babako alizifungua. Akachukua msumari, akachora nyuma ya fremu, karibu na sumaku, ile alama tunayochoma ng'ombe wetu, duara na mistari miwili kama pembe. Nilimcheka sana. Akanijibu, "Inalia, inalishwa. Kwa nini isiwe na alama?" Wewe ndiye uliyeshika fremu isitikisike. Ulikuwa na miaka tisa, ulimi nje, mikono umeikaza. Akamaliza akakuambia, "Sasa tunaojua ni watatu. Mimi, mama yako na wewe."

Babako alipotutoka, nilikuwa naziwasha Jumapili tu. Kisha nikaenda kwenye msiba wa dada yangu, nikarudi nikakuta pale zilipokaa pamebaki alama mbili za mraba kwenye vumbi. Ulikuwa umekaa kizingitini unalia. Ukaniambia, "Mama, gari ya Abdi ilisimama hapa mlangoni."

Nilikuamini. Ningeachaje? Machozi yako nayajua tangu hujaota meno.

Kwa chifu nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Abdi aliapa, mimi nikatema mate chini. Shukri hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama Akiru, tumekula sahani moja. Mzee alipokufa nililala kwako siku saba." Nikageuza uso. Na wewe, Ekai, ulikuwa umekaa karibu yangu, umenishika mkono. Huo mkono ndio unaoniuma zaidi kuliko spika. Uliniacha niseme. Kila neno ulilisikia, na mkono ulizidi kuubana.

Baada ya hapo watu walianza kumtania Abdi stejini: "Pandeni, pandeni, mtashuka bila viatu!" Mwisho wake akahamisha familia kwenda Lorugum. Shukri alipita mlangoni kwangu na godoro kichwani, nami nilikuwa nafagia. Nikaendelea kufagia. Ni miaka mitatu sasa.

Mwaka huu nilipeleka vikapu vyangu Kakuma. Nikapita kwa fundi mmoja wa redio, Mkongo, mtu mzima mwenye maneno ya upole. Kwenye rafu yake nikaona spika mbili, masanduku mapya ya mbao, ndani zote bluu kama mlango wa duka. Fremu bluu, sumaku bluu, hata ile karatasi inayotoa sauti bluu. Lakini ukubwa wake ulinishika moyo. Nikamwambia, "Fundi, zinafanana na za marehemu mume wangu. Ila hii rangi sitaki." Nikazinunua kwa pesa ya vikapu, nikitaka tu zifanane nazo. Sikuwa namtafuta mtu.

Akazitoa kwenye masanduku, akanionyesha kazi. Akafunika karatasi na nailoni, akazungusha selotepu, thina ya kulainisha rangi isiiguse. Mimi nilikuwa nimeshika waya wangu wa kusugulia sufuria, tayari kuanza. Akaruka! "Mama, hapana! Sumaku itakamata unga ya chuma, itaingia mu ndani, sauti itakuwa ya kukwaruza siku zote. Tumia pamba na kijiti." Nikatoa mfukoni mswaki wangu wa mti wa esekon. Akaushika, akatabasamu: "Hii ni muzuri kupita brashi yangu."

Basi tulifanya asubuhi, kabla upepo haujaleta mchanga, maana rangi ikilainika inashika vumbi kama uji. Unalowesha pamba kwa thina, unaweka mahali padogo, unangoja, unasukuma na mswaki. Bluu ikawa inatoka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Alumini ikaanza kuonekana, nyeupe. Nilikuwa naimba, Ekai. Nilikuwa na furaha.

Mahali pote rangi ilikuwa nyepesi. Nyuma tu, karibu na sumaku, ilikuwa imepakwa mara mbili, nene, imeshindiliwa. Nikasugua pale mpaka mkono ukafa ganzi. Kwanza nikaona duara. Halafu pembe.

Fundi aliniletea maji. Akasema alizinunua kwa mtu wa Lopur, zikiwa hivyo hivyo bluu. Nilikuwa nahesabu tu. Watatu. Mmoja yuko kaburini.

Bado nilikutetea. Nikajiambia labda mwizi aliiona akaificha. Nikakupigia. Nikasema, "Ekai, nimepata spika za babako." Ukaniuliza, "Ulifika kwa huyo Mkongo?"

Nilikuwa sijataja Kakuma, mwanangu. Sijataja Mkongo. Kumbe ulijua yule mtu wa Lopur alizipeleka wapi. Simu ikakatika, na tangu siku hiyo hushiki.

Ile simu kubwa uliyokuja nayo mwezi ule spika zilipopotea, ukaniambia ni ya kibarua, niliionyesha kanisani. Nilisema, "Oneni mtoto wangu anavyojituma." Ungeniambia una shida, ningeuza mbuzi. Ungeniambia hata baadaye, kabla ya kwa chifu, ningekupiga kofi nikakupikia.

Nilienda Lorugum na ile fremu nimeifunga kwenye leso. Nilipiga magoti mlangoni kwa Shukri. Aliniinua, akanipa chai, lakini hakukaa nami. Abdi aliigeuza fremu, akapitisha kidole juu ya alama, akaifunga tena kwenye leso. Kisha akasema, "Mama, wewe nimekusamehe. Wewe ulidanganywa. Lakini jina langu lilichafuliwa na mdomo mmoja. Huo mdomo uje Lodwar, kwa chifu yule yule, useme."

Mdomo huo siwezi kuubeba kwenye leso.

Fundi aliniambia fremu zinasafishika, lakini karatasi imekunywa rangi, akiitoa rangi atatoa na karatasi. Nikiwasha ile moja, inaimba kama mtu mwenye mafua. Nimekubali. Ya pili sijaigusa. Iko mezani, bluu vile vile ulivyoipaka. Nimekuwekea pamba, kopo la thina na mswaki mpya wa esekon. Njoo uitoe wewe, kwa mikono ile iliyoshika fremu, na Abdi akiwa amekaa kwenye kiti cha babako akiangalia.

Mimi sitaisafisha. Na kwa chifu sitakusemea. Lakini siku ukija, nitakaa karibu yako, na safari hii mkono nitaushika mimi.

Mama yako, ambaye bado anakupakulia