Printa Iliziba, Nikamsingizia Mjane

Mpendwa Dada Teddy, naomba msaada wako ila jina la ukoo usilitoe, maana hapa Ruangwa tunajuana. Napiga na kuchapa picha nyumbani kwa printa ya wino, msimu wa korosho wateja wanapanga foleni lakini masika naifunika kitambaa hata miezi miwili, na kila nikimaliza kazi nazima swichi ya ukutani kuokoa uniti za LUKU, basi mwezi uliopita akaja Bi Lusiana, mjane wa kijiji cha Nkowe, na picha pekee ya marehemu mumewe Kasmiri, waliyopiga Nachingwea siku ya ndoa, anataka ikuzwe kwa misa ya kumbukumbu. Printa ikatoa mistari na uso wa kijani, wino mwekundu ulikuwa umekauka kwenye matundu, nikajua papo hapo, lakini mdomo wangu ukasema, "Mama, picha yako imeoza kwa ndani, hukuitunza." Akaniomba radhi mimi! "Nisamehe, mwanangu, niliiweka kwenye debe la ufuta, sikujua." Akaondoka nayo hiyo ya kijani, na sasa nasikia ameitundika ukutani, na binti yake Valentina kila akiiona anamsema kwamba kamharibu baba yao. Nimechokonoa matundu kwa sindano, ndiyo imezidi kuziba. Naona aibu hata kula. Misa ni Jumamosi ya wiki ijayo na nakala ya picha bado ninayo kwenye kompyuta. Nielekeze kuzibua kimyakimya, nimpelekee picha nzuri nimwambie nimeiokoa kwa utaalamu.

Fidelis, Ruangwa

Fidelis, hiyo aibu ni yako kweli, usiifukuze.

Sindano tupa leo. Printa umeikausha mwenyewe: ukiikatia umeme ukutani, kichwa chake, kile chenye matundu ya wino, hakirudi mahali pake kujifunika, kinabaki wazi na wino unaganda. Zima kwa kitufe chake, isubiri inyamaze, ndipo uguse ukuta. Sasa endesha usafishaji wa kichwa kwenye menyu, mara mbili tu, ukizidisha unamwaga wino bure. Ikigoma, chukua kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kiloweshe maji ya betri (yale safi, siyo asidi, soma chupa!), na printa ikiwa imechomolewa kitandike kwenye njia ya kichwa, kisha sogeza kichwa kikae juu yake mpaka kesho. Kisha toa kitambaa, chomeka printa, safisha tena kwa menyu mara moja tu. Maji ya kisima yana chumvi, usithubutu. Ikikataa kabisa, kachape kwa mwenzako Nachingwea. Na ikipona, kila wiki chapa karatasi moja ya rangi zote, mteja awepo asiwepo.

Ila hilo la utaalamu sitaki kulisikia. Mama wa watu alikuomba radhi kwa uongo wa kwanza, sasa unataka akushukuru kwa wa pili? Panda bodaboda uende Nkowe kabla ya Jumamosi, Valentina akiwepo. Sema hivi: "Mama, picha yako ilikuwa nzima. Mashine yangu ndiyo mbovu, nami nilikudanganya." Usijitetee hata kidogo. Mkabidhi picha mpya, halafu ile ya kijani uishushe ukutani kwa mikono yako mwenyewe, wote wakikuona.