Ng'ombe wa Babu na Zabibu za Mzee Hans

Kimandolu,
Arusha.
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mpendwa Dada Agnela,

Shikamoo dada. Baridi ya huko imeshaanza? Na wale wazee unaowauguza, hawakusumbui? Sisi ni wazima. Goti la Bibi limetulia, ila dawa anazificha akidhani hatumwoni.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu huwa naishiwa maneno. Mama ataipiga picha karatasi hii akutumie leo, maana zabibu hazitasubiri posta.

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza wote baada ya ibada. Nimesikitika sana kwamba jirani yako, Mzee Hans, amefiwa na mkewe, Mama Hedwiga, yule aliyekupa koti ulipofika. Picha yako nimeitazama mara nyingi: mto chini, kanisa dogo, na mteremko wa mizabibu uliosimama kama ukuta. Mashamba ya wengine yameshavunwa. La kwake bado limejaa. Umesema unapita getini kwake kila siku na unaogopa kubonyeza kengele, kwa kuwa huko mtu haendi kwa watu bila miadi, na Kijerumani cha kufariji huna. Unauliza uende au usiende.

Shangazi Anna alikuwa wa kwanza kujibu: "Kwani zabibu zenyewe si za pombe?"

Bibi akamgeukia. "Anna, kwenye meza ya Bwana wewe huwa unakunywa chai?"

Tulicheka mpaka Shangazi naye akacheka. Kisha Bibi akaniambia nikuandikie habari ya ng'ombe, kwa kuwa wewe ulifika siku ya mazishi tu, hukuiona.

Babu alipofariki, nyumba ilijaa watu na maombi. Mimi nilijificha nyuma ya banda, nikiogopa kuulizwa kitu. Ng'ombe alikuwa analia, kiwele kimejaa, maana alizoea mkono wa Babu tu, na hakuna aliyemkumbuka. Akaja Mama Namnyaki, yule anayetuletea majani kutoka Terrat. Kiswahili chake unakijua, ni salamu na bei, basi. Hakuingia ndani kutoa pole. Alikunja shuka, akachuchumaa, akakamua huku akimwimbia kwa Kimasai, na ng'ombe akatulia.

Bibi akatoka nje kusikiliza. Akasema, "Kumbe huyu ng'ombe anajua Kimasai, na mume wangu hakuniambia!" Ndipo akalia. Tangu asubuhi alikuwa hajalia.

Pole tulizopewa siku ile zimenitoka kichwani zote. Ile ndoo ya maziwa naiona mpaka leo.

Dada, najua mimi ndiye mtu wa mwisho kumwambia mwingine abonyeze kengele. Darasani hata kunyoosha mkono naogopa. Lakini usitafute maneno. Bibi anasema ubebe mkasi wa kukatia zabibu, usimame getini, umwonyeshe mteremko. Akikataa, utarudi nyumbani, basi. Akikubali, yeye mwenyewe atajua pa kuanzia.

Siku hizi ng'ombe namkamua mimi. Jioni nikikaa naye nitakuwa nakuwaza huko juu mteremkoni.

Bibi, Mama na Shangazi Anna wanakusalimu sana. Mdogo wetu Gadiel anauliza kama mvunaji anaruhusiwa kula.

Mungu akutangulie mpaka kwenye ile kengele.

Mdogo wako akupendaye,
Elinaza