Majike wa Mwisho

Jumanne, 15 Julai
Nimefuta vumbi la saruji dirishani mwa maabara, nimevaa glavu. Panya majike wanne ndani ya sanduku kwa pamoja, nikafungulia gesi, nikageukia ukuta. Kama kawaida. Gesi nimeichagua mwenyewe, siwezi kuvunja shingo ya kiumbe kwa mikono yangu. Kwenye gesi panya analala tu.

Mayai nimeyatoa, nimeyachanganya na mbegu za dume, yako kwenye inkubeta, kwenye joto kama la tumboni. Ukoo huu wa panya una ugonjwa wa damu kama selimundu, kwao ndiko tunakojaribia dawa. Waliobaki wamezeeka, hawashiki mimba. Tusipopata viinitete vya kugandisha, ukoo umekwisha. Naogopa.

Jumatano, 16 Julai
Machache yamegawanyika. Mengi yamekaa tu. Dokta Zehra, mkuu wetu wa maabara, kaangalia kwenye darubini, akarudi ofisini kwake. Bora angefoka.

Alhamisi, 17 Julai
Hata yale machache yamesimama kwenye seli mbili. Yamekufa.

Dokta kaniita. "Binti yangu, unawaua wote mara moja, halafu unawapasua mmoja mmoja. Wa mwisho amelala humo na gesi mwilini, mayai yanaharibikia tumboni."

Nikasema gesi ina huruma.

"Huruma kwa nani? Umewahi kuangalia?"

Nimechukia. Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 18 Julai
Nimeangalia. Walikuwa panya wa ukoo mwingine, zamu yao ilikuwa leo. Sikugeuka.

Hawakulala. Walipanda kuta, wakapandana, pua juu wakitafuta hewa. Mmoja alibaki amesimama wenzake wakianguka mbele yake.

Chakula cha mchana sikukigusa.

Jumapili, 20 Julai
Mbagala, nyumbani. Mama kanitania mbele ya wageni: "Nimesomesha mtaalamu wa panya, na wa stoo kwangu wananishinda!" Wageni hoi kwa kicheko. Mie pia.

Baba alichinja kuku wawili. Wa pili alikuwa nyuma ya nyumba, chini ya tenga. Baba hamchinji kuku mwenzake akiona, na kisu hakionyeshi mpaka mwisho. Nimelijua hilo tangu mdogo, sikuwahi kulifikiria. Na kazini nawatia wote sanduku moja, wanatazamana.

Nimeona aibu.

Jumatatu, 21 Julai
Nimemwamkia Dokta, nikamwomba anifundishe kuua kwa mkono. Hakunisimanga. Tumefanya mazoezi kwa waliokwisha kufa. Alinipanga vidole mwenyewe. "Hapa, nyuma ya kichwa. Vuta mara moja. Ukisita ndo unamtesa."

Jasho ndani ya glavu.

Nikamwomba na jingine: tuwaue mmoja mmoja, wenzake wabaki chumba kingine. Nikamweleza ya kuku wa Baba. Akasema: "Na kila mmoja mayai yake yatatoka hapo hapo. Haya, tufanye."

Jumatano, 23 Julai
Majike wa mwisho. Hakuna wengine.

Nilimchukua wa kwanza, nikafunga mlango. Nilimshika mpaka akatulia. Bismillahi. Mara moja. Nilihisi mfupa ukiachia. Mayai yakawa kwenye sahani mwili ungali wa moto. Nikasafisha meza, nikabadili glavu, nikamfuata wa pili.

Sikusita hata kwa mmoja. Baada ya wa mwisho nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuchanganya mbegu.

Ijumaa, 25 Julai
Yamevuka seli mbili! Mengi, na ya mviringo safi. Dokta kanikumbatia na glavu zake mkononi. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Kisha nikawakumbuka wale wanne wa sandukuni. Mayai yao huenda yangekuwa hivi hivi. Niliwaua bure ili mie nisione.

Jumamosi, 26 Julai
Viinitete vimegandishwa. Ukoo upo. Dokta kaenda kwake Goba kupumzika, mie nimebaki kuosha vizimba.

Kwenye kizimba cha wale wa mwisho nimekuta kiota. Karatasi wameitafuna ikawa laini kama pamba, wakaizungusha, katikati wameacha nafasi. Wazee wale, mimba hawashiki, na bado walikuwa wanaandaa mahali pa watoto.

Vizimba vingine nimeviosha. Hicho nimekirudisha kwenye rafu kama kilivyo, nikazima taa.