Kwa Trufena, Aliyebebwa Bila Sare

Trufena, mke mwenzangu,

Nakuita hivyo bado. Waume zetu ni ndugu wa tumbo moja, boma ni moja na lango ni moja, nasi tulianza kuitana mke mwenza kwa utani mpaka utani ukaisha likabaki jina. Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike pale nyuma ya migomba. Mahindi uliyoyapanda mumeo Shem ameyavuna. Kuku wako wamehamia kwangu bila kuitwa. Jiko lako limepoa, na bado watu wanaingia langoni, wananisalimia haraka haraka, kisha wanaelekea kwako kwa mazoea. Wakifika katikati ya uwanja wanakumbuka. Hawaingii kwangu, Trufena. Wanageuka na kurudi walikotoka.

Nianze na ukweli, kwa sababu hukupenda mtu wa kuzunguka. Nilikuonea wivu. Na bado nakuonea, ingawa umekufa.

Mlango wangu ndio wa kwanza ukiingia. Mimi ndiye niliyetangulia kuolewa hapa, tena kanisani, na gauni jeupe, na picha iko ukutani hadi leo. Mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama, mwaka wa tisa huu. Nikipita sokoni Iguhu na sare yangu, gauni la samawati na kitambaa cheupe kichwani, hakuna anayeuliza mimi ni nani. Wewe hukuwa na sare. Ng'ombe walipelekwa kwenu, ukaja na sanduku lako, mkaishi na Shem miaka ishirini na miwili bila pete. Kanuni ya kanisa letu unaijua: asiyefunga ndoa kanisani havai sare wala hashiriki meza ya Bwana. Ulikaa benchi la nyuma na watoto wenye kikohozi.

Basi niambie, kwa nini watu walikuwa wakinipita mimi kwenda kwako?

Nilikuwa nakuchungulia dirishani, ujue leo. Ukipika obusuma, ugali wetu, ulikuwa unaongeza bakuli moja la unga juu ya mahitaji ya nyumba yako, unasema, "Kuna mtu atafika." Na mtu alifika. Alifika mchimba dhahabu aliyejaa tope, alifika yule mwalimu mlevi ambaye mimi nilikuwa namfungia mlango. Hukumhubiria. Ulimpa maji ya kunawa ukamwonyesha kiti. Mimi ndiye niliyekuwa nahubiri. Nilihubiri hadi sauti ikakauka, na sikumbuki mtu aliyeniomba nirudie.

Na Mzee Athumani wa Mumias, yule wa mitumba, ambaye kila siku ya soko alipumzikia kwako. Ulimwekea birika la kutawadhia kando ya ukuta, mtoto asiliguse, na saa yake ya kuswali uliijua kuliko nilivyojua saa ya mikutano yangu. Alikuja kukuzika. Alisimama kaburini mikono wazi, machozi yanamtoka, kisha akanijia mimi, mimi niliyevaa sare kamili, kola imenyooka, akaniuliza, "Pole sana, mama. Na wewe ulikuwa jirani yake?" Miaka kumi na moja anapita mlangoni pangu! Nilitamani ardhi inimeze, halafu nikatamani immeze yeye.

Siku hizi ni mimi ninayemwosha mama mkwe. Macho yake yamezidi kufifia. Nikimshika miguu ananiita kwa jina lako, kwa ile lafudhi yake isiyo na l: "Turufena, reta maji ya moto kidogo." Juzi nikamkata kucha, kazi yako hiyo ya kila Jumatano, akaguna. "Mikono yako ilikuwanga raini," akasema. "Imekuwa ngumu hivi rini?" Sikumwambia kwamba ni mimi. Nilikata kucha zote kumi, nikaenda kulilia nyuma ya choo, na sijui nililia kwa sababu umekufa au kwa sababu hata kucha umenishinda.

Sasa siku ya maziko. Sijui kama mlio huko mnaona, kwa hiyo nakusimulia.

Akina mama walikuja wote na sare, kumi na tisa, kana kwamba wanamzika mwenzao. Nikawaita nyuma ya jiko lako. Nikawaambia mwanachama ndiye hubebwa na wenye sare na kuimbiwa kutoka nyumbani hadi kaburini, na wewe hukuwa mwanachama. Wangekaa kwenye viti kama waombolezaji wengine. Nikasema kanuni ni kanuni. Sauti yangu ilikuwa tulivu sana, ungeisikia ungeniona mtu wa Mungu.

Mama Repha, naibu wangu, alinitazama. Akafungua kitambaa chake, akakikunja mara mbili, akakiweka kwenye meza ya programu. Akafuata wa pili. Kisha wote. Wakajifunga leso juu ya magauni yao ya samawati, wakakuinua mabegani, wakakuimbia vichwa wazi, nywele zingine hazikuwa zimesukwa hata. Na kaupepo kakaanza. Vitambaa vikataka kupeperuka, nikaviwekea mikono. Hapo ndipo nilipokuwa wakati unashushwa kaburini, mke mwenzangu. Mezani, nikilinda vitambaa.

Nilikasirika wiki nzima. Nilijiambia umeninyang'anya hata akina mama wangu. Lakini kuna jambo ambalo Mama Repha halijui, wala Shem halijui, na ndilo linaloniandikisha barua hii.

Unakumbuka mchungaji alipotangaza kwamba wote walioishi bila ndoa ya kanisa watafungishwa pamoja, Jumamosi moja ya Desemba, na majina yapitie kwa mwenyekiti wa akina mama. Shem alikuwa amekataa miaka yote hiyo, na mwaka huo akakubali. Ulikuja kwangu ukikimbia, mikono ina unga bado, na karatasi iliyokunjwa, umeichana kwenye daftari la binti yako Sheila. Ukasema, "Mke mwenzangu, usinisahau." Nikaifungua kidogo, nikaona jina la Shem na lako, nikaisukuma ndani ya Biblia yangu.

Sikukusahau. Laiti ingekuwa hivyo. Mchungaji alisoma orodha akaniuliza, "Hawa ndio wote?" Nikasema, "Hawa ndio wote." Niliwaza tu kwamba ukipata na sare, mimi nitabaki na nini? Watu ulikuwa nao, mama mkwe ulikuwa naye, hata wanangu walikuwa wanakula kwako. Nilibakiwa na kitambaa. Wewe nikakuambia nafasi zimejaa, ungoje mwakani. Ukasema, "Haya, sisi tumezoea kungoja." Jumamosi ile ukaja kumenya viazi vya harusi za wenzako, ukasugua masufuria mpaka jioni, na uliponiona ukaniuliza kama nimekula. Mwakani ilipofika ulikuwa kitandani, na presha haikukuachia.

Kanuni niliyokusomea siku ya kukuzika ni mimi niliyekufungia nje yake.

Wiki iliyopita Sheila alikuja kutoka Shirere, kule alikopanga chumba kwa ajili ya masomo. Amekonda. Alipekua nyumba yenu nzima, kisha akaja kwangu akaketi pale unapopenda, karibu na mlango. Akasema, "Mama mkubwa, huna hata karatasi moja yenye mwandiko wa mama? Hata kama ameandika tu chumvi na kiberiti." Ulikuwa huandikianga mtu, Trufena, kila kitu ulishika kichwani. Biblia ilikuwa mezani, mkono wake uko juu yake. Nikasema sina.

Alipoondoka nikaitoa ile karatasi yako. Nikaifungua yote kwa mara ya kwanza. Bwana: Shem. Bibi: Trufena. Na chini, kwenye ule mkunjo ambao sikuufungua siku ile, umeandika kwa herufi kubwa ukizikandamiza: Msimamizi wa bibi harusi: Dorika, mke mwenzangu. Ulitaka mimi ndiye nisimame nawe. Mimi! Ulikuwa na wanawake kumi na tisa wa kukubeba ukachagua mimi. Hata hapo umenishinda, na leo sina pa kuuweka huo wivu.

Ukristo wangu mimi niliupiga pasi Jumamosi nikauvaa Jumapili. Wako uliuvaa ukipika, ukichota maji, ukikata kucha za mwanamke mzee ambaye hakuona unayofanya. Sijui kama mtu wa umri wangu anaweza kujifunza hivyo. Jana niliongeza bakuli la unga kwenye sufuria. Hakuja mtu. Nilikula kiporo leo asubuhi, na kesho nitaongeza tena.

Kwaheri, mama Sheila. Hii ndiyo ahadi yangu. Jumapili nitasimama mbele ya akina mama, kitambaa nitakuwa nimekiacha nyumbani, na nitawaambia wote, na Shem nitakuwa nimemwambia kwanza. Wakininyima uenyekiti, waninyime. Lakini kabla ya hapo ni Jumamosi, na Sheila anakuja. Nitampa mwandiko wa mama yake mkononi. Akiuliza mwandiko huo ulikuwa wapi, nitamwambia ulikuwa ndani ya Biblia yangu, na kwamba Biblia hiyo niliifungua kila siku.

Dorika wako