Jasusi Asiyeulizwa Katoka Wapi

Jumapili

Nimemaliza kumsomea mume wangu kile kitabu, na najuta. Jasusi aliyeacha kazi anawakimbia wakubwa wake, na mwandishi kaona amfiche hapa kwetu Masanze. Mwezi mzima anawapita wazee bila shikamoo, na hakuna hata mmoja anayemuuliza katoka wapi, mtoto wa nani. Masanze ipi hiyo? Enzi zile mgeni alikuwa hamalizi chai kabla balozi wa nyumba kumi hajajua.

Mume wangu alikinunua Mikumi, pale barabarani wanapouza mitumba. Macho yake ni mabovu, lakini hadithi imemkolea. Leo tukila akasema, "Mama Zuhura, huyu jamaa angekuja kwangu ningemficha. Wanamwonea bure."

Nikamwongezea mchuzi.

Kaka yangu Idi naye alikuwa mtu wa usalama. Naye aliacha kazi, akaja akikimbia, hapa hapa, kwa dada yake. Balozi wetu wakati ule alikuwa mume wangu. Alimkumbatia, akamwita shemeji, akaniambia nibandike maji ya kuoga. Halafu akatoka kwenda kuripoti. Eti ndiyo sheria.

Mgambo walifika maji hayajachemka. Idi hatujamwona tena. Mama bado ananiuliza kama nimesikia lolote.

Kesho mume wangu anataka nimrudilie ule mwisho, jasusi anapovuka mpaka salama. Anasema pale machozi yalimtoka.