Chungu cha Kampuni na Chungu cha Dada Yangu

Kwako Mama Nasirumbi, mshauri wetu wa gazetini,

Naomba unisaidie, ingawa kwa kawaida ni mimi ndiye ninayeisaidia Serikali. Mimi Okurut Ikiring wa njia ya Busia, hakuna jambo kubwa ambalo Mfalme ameliamua huku mashariki bila maneno yangu kupita mahali: walipochora mpaka wa Uganda na Kenya ni mimi niliyewashikia kamba, na wale wanaosema wakati ule nilikuwa sijazaliwa ni watu wa wivu, na nilipokuwa Burma jenerali mwenyewe alikuwa hawezi kuamuru mzinga upigwe kabla sijanusa upepo, na hata sasa, nikieleza habari za vita vya Korea, watu wanaacha kunywa wananitazama tu.

Sasa shida yangu ni hii. Sisi tunakunywa pombe ya wimbi, yaani ulezi, iliyotiwa maji ya moto, katika chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na sheria yetu ni kwamba ukishatia mrija katika chungu cha mtu huwezi kugombana naye, hata kama amekuibia mke, utangoja mpaka utoe mrija, ufike kwako, ndipo umtukane vizuri. Basi msimu mmoja meneja wa Kampuni, yule Mzungu wa mashine ya kuchambua pamba, aliniuliza kwa nini wakulima wanapiga kelele sana penye mizani, na mimi kwa akili zangu nikamwambia, Bwana, wape pombe, watu wetu hawagombani na mwenye chungu. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Tangu hapo, kila soko la pamba likifunguliwa, Kampuni inaweka vyungu karibu na mizani, watu wanaketi wananyonya, wanaitwa mmoja mmoja, pamba inapimwa, bei inatajwa, na hakuna anayefungua mdomo kwa sababu mdomo una mrija. Mimi nikapewa koti la kaki la vifungo vya shaba, nikawa mkaribishaji. Pombe yenyewe, sitaficha, ni maji yaliyoona wimbi kwa mbali, lakini ni ya bure.

Na si kukaribisha tu, Mama, nawaeleza siasa pia. Nawaambia hatuwezi kupeleka pamba upande wa Kenya kwa sababu Serikali imeipa Kampuni eneo letu lote, kama ng'ombe anavyopewa mchungaji, na mzee Ecweru, mtu asiye na adabu, akasema, "Ulitaka kusema kupe." Nawaambia bei iko chini kwa ajili ya Korea, kwamba mkulima akidai bei kubwa Mrusi anapata nguvu, anaweza kutokea Mbale wakati wowote. Dada yangu Alungat, mjane, analima pamba kuliko wanaume wengi, akanijibu mbele za watu:

"Aje huyo Mrusi. Atakuta nini kwangu? Kampuni imeshapita."

Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo, kwa cheo changu.

Mwaka huu sasa huyo Alungat amekorofisha mambo. Soko linafunguliwa Jumamosi, naye amepika pombe yake mwenyewe, nzito, ya kweli, anataka kuweka chungu upande wa pili wa barabara, kuelekea mizani. Anasema kila mkulima atakayetia mrija kwake hatauza pamba siku hiyo wala kesho yake, mpaka meneja avuke barabara, aketi kama mgeni, awasikilize. Alikuja kwangu jioni na binti yake Ariokot.

"Kaka," akasema, "nakutaka kwenye chungu changu."

Nikamwambia, "Alungat, mimi ni mtu wa Serikali."

"Serikali gani? Wewe unakaribisha watu."

"Jambo hili lina mambo ya ulimwengu ndani yake. Lina Korea."

Ariokot akaingilia, "Mjomba, hiyo Korea inalima pamba kwa nani?"

Nikamwambia watoto hawaulizi maswali ya vita. Dada yangu hakucheka. Akasema, "Watu wanakuona na hilo koti wanadhani ni amri. Ukiketi kwa Kampuni Jumamosi, waoga watakufuata, na wakikufuata wachache tu tumekwisha, tutapimiwa kama kila mwaka. Na ukienda kwao nitauvunja mrija wako, ule uliomo katika dari yangu, na usirudi kutafuta mwingine."

Mama, mrija wangu uko katika dari ile tangu mume wake alipokuwa hai. Nikienda kwa dada, Kampuni itanivua koti na chifu wa gombolola, mkubwa wa tarafa yetu, ataniuliza kama nimekuwa mtu wa fujo. Nikienda kwa Kampuni, sina pa kunywa wala pa kuzikwa. Nimefikiri niugue Jumamosi, lakini kwa mtu mashuhuri kama mimi watu watakuja kunitazama.

Nishauri upesi. Na kuna jambo moja dogo, usilichapishe kama unaweza. Meneja yule, ambaye nimewaambia watu wote kwamba hafanyi lolote bila mimi, huniita Juma. Mimi ni Mkristo na jina hilo si langu. Misimu hii yote ananiita Juma, nami huitika.

Okurut Ikiring

JIBU

Ndugu Okurut,

Pole, lakini pole yangu ni fupi, kwa maana Jumamosi iko karibu. Na nimelichapisha lile la Juma. Nililicheka, kisha nikaona kwamba ndilo neno la kweli katika barua yako nzima.

Unasema watu wako hawagombani na mwenye chungu. Ni adabu nzuri, hata kwetu Masafu tunayo. Lakini mwenye chungu huketi na wageni wake, hunywa wanachokunywa, na huona aibu wakirudi nyumbani mikono mitupu. Meneja wako alitia mrija wake siku gani? Hujataja hata mara moja. Basi yule si mwenye chungu, ni mwenye mtego, na wewe ndiye uliyemwonyesha njia wanayopita ndege.

Korea sijafika, wala wewe hujafika. Ninachokijua ni cha hapa. Mkulima akivuka mpaka na gunia moja kwenda kwa shemeji yake, askari wanamkamata, wanaita magendo. Pamba hiyo hiyo ikishakuwa ya Kampuni inavuka Kenya yote, inavuka bahari, na askari wale wale wanaifungulia njia. Kwa hiyo mpaka ule haukuwekewa pamba. Umewekewa Alungat. Na hizo habari za vita, sikiliza: vita vikiwapo bei ni ya chini kwa ajili ya vita, vikiisha itakuwa ya chini kwa ajili ya amani. Serikali inagombana na watu wa mbali, Kampuni inapata, na shati linavuliwa hapa kwenu. Mtu mzima hahitaji kunusa upepo kulijua hilo.

Sasa fanya hivi. Koti lirudishe Ijumaa, mchana, watu wakiona, limefuliwa na kukunjwa, bila hotuba. Chifu akikuuliza, mjibu kwamba umealikwa kwa dada yako, na hakuna sheria iliyokataza hilo. Waambie wakulima pamba ibaki majumbani, juu, mbali na panya na moto. Pamba si maziwa, itangoja. Mashine iliyowashwa bila pamba ndiyo isiyoweza kungoja, na mwenye mashine anajua hivyo kuliko ninyi. Msitukane mtu, msirushe jiwe, msisimame njiani mwake. Mwekeeni meneja kiti na mrija safi. Siku atakapouingiza chunguni, adabu yenu itaanza kumbana yeye pia.

Nawe usiwe msemaji. Una maneno mengi, na mengi umeyapata kwa Kampuni. Mwache Alungat aseme. Omba birika la maji ya moto, uwaongezee wenzako chunguni kila yanapopungua. Najua hiyo kwenu ni kazi ya vijana. Ifanye.

Na ukifika pale usitafute kiti cha mbele. Simama pembeni mpaka dada yako akuonyeshe mahali pa kuketi. Asipokuonyesha, endelea kumimina.

Mama Nasirumbi